Shajara ya godauni la gatini: fito, pau, boriti

Oktoba, mwanzo

Naanza kuandika hapa manake kwenye grupu la WhatsApp mambo yanapotea. Mtu anauliza pesa ziko wapi, anajibiwa, saa mbili baadaye jibu lishazikwa chini ya salamu za Ijumaa na video za punda, halafu mwingine anauliza tena na huyu anauliza kwa hasira. Kwa hivyo kila jambo la godauni litaandikwa hapa, la pesa, la fundi, na la ugomvi pia likitokea, na litatokea tu, si ni Amu hapa, mji wa kale wa Lamu.

Kwa walio mbali na wadogo waliozaliwa juzi: ni lile godauni la mawe upande wa gatini, lenye mlango mpana wa mbao na baraza mbili nje ambapo wazee hukaa baada ya alasiri. Chini ni chumba kimoja kirefu cha mizigo, juu kuna vyumba vya abiria, na juu kabisa sakafu ya chokaa iliyo wazi. Zamani kaskazi ikivuma majahazi ya Arabuni yalishusha tende, chumvi na mazulia, na kusi ikigeuka yakarudi na boriti za mikoko. Boriti za kwetu zimeezeka nyumba Omani, Bahareni na Kuwait, na vyumba vya kule vikawa vyembamba kama vya huku kwa sababu ile ile, mti ndio unaoamua chumba kiwe na upana gani. Biashara hiyo ikakatwa 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Godauni likabaki la abiria, unangoja chombo cha Faza au cha Mombasa, maji yakijaa unaondoka, yasipojaa unalala. Siku hizi boti za faiba zinakwenda kwa injini na hakuna anayelala akingoja upepo, basi godauni likafungwa na mvua ikaingia.

Wazo la kuchangisha limetoka mbali kidogo. Kuna dada yetu wa Mkomani anaishi Uingereza, alituma voisi ndefu akieleza wenzao wanavyookoa stesheni za treni za zamani. Anasema mwaka 1963 kulitoka ripoti ya mtu aitwaye Richard Beeching ikipendekeza stesheni 2,363 zifungwe, na nyingi zikafungwa kweli, vijiji vikabaki na jengo tupu na majani kwenye reli. Akataja reli ya Settle mpaka Carlisle, iliyotakiwa kufungwa miaka ya 80, watu wa vile vimji wakashikana, wakaandika barua, wakajitolea, mpaka 1989 serikali ikaghairi.

Mara grupu likawaka. Wa kwanza: "Sasa sisi hiyo treni tumeitoa wapi?" Wa pili: "Ngojeni ya LAPSSET." Watu wakacheka wiki nzima, manake LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari, barabara na reli, ilizinduliwa hapa mwaka 2012 na reli ikiwemo kwenye ramani, gati la kwanza la bandari kule Manda Bay likafunguliwa 2021, reli bado iko kwenye ramani. Na ukitaka kusema kweli treni ndiyo iliyotumaliza. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901, na meli kubwa zikaifuata reli huko huko Mombasa, Amu ikaachwa na majahazi yake. Ila ami mmoja akaandika sentensi moja tu ikanyamazisha watu: "Stesheni tunayo, ni lile godauni, na sisi ndio tulioliacha."

Hapo ndipo kamati ikazaliwa.

Oktoba, katikati

Leo tumeingia na fundi. Fundi wetu ni wa hapa hapa, amefanya nyumba nyingi za mawe Mkomani na Shela, si mtu wa maneno mengi. Alipanda ngazi na msumari mrefu mkononi, akaanza kudunga boriti moja moja pale inapoingia ukutani. Katikati boriti ni ngumu kama chuma, msumari unaruka. Kwenye kichwa, ile shubiri moja iliyomo ndani ya ukuta, msumari unaingia mpaka kiganja kinagusa mti, na ukiuchomoa unatoka unga wa kahawia. Akamwaga ule unga kwenye kiganja changu. "Hii imesimama kwa adabu tu," akasema.

Akatueleza sababu na inafaa wote waijue. Sakafu ya juu ni boriti, juu yake mabamba ya mawe ya matumbawe, juu yake kifusi na chokaa iliyopigiliwa. Ni mzigo mzito lakini ikiwa nzima haivuji. Ufa mdogo ukitokea na usizibwe, maji yanateremka ukutani na kukaa pale pale vichwa vya boriti vilipo, hapapati hewa, mti unaoza kutoka ndani huku nje ukiuona mzuri na rangi yake nyeusi na nyekundu bado ipo. Ndo mana nyumba ya Amu inaanguka siku moja bila kuaga. Haikuanguka siku hiyo, ilikuwa inaanguka miaka.

Kuta ziko sawa, anasema. Mawe ya Manda, unene wa karibu nusu mita. Tatizo ni sakafu ya juu yote, na lazima imalizwe kabla ya masika, manake masika mengine haliwezi.

Oktoba, mwisho

Hesabu ya fundi kwa sakafu ya juu peke yake ni shilingi 600,000. Boriti korija sita, yaani 120, chokaa, mawe, usafiri, na mikono ya watu. Milango, baraza na vyumba vya abiria ni awamu nyingine tusivichanganye.

Pia amejitokeza mfadhili. Simtaji, na si mtu mbaya, ana mahoteli sehemu nyingine za pwani. Anasema atalipa kila kitu, la juu na la chini, naye apewe ghorofa ya juu miaka thelathini afanye vyumba vya wageni na mkahawa kule juu kwenye upepo. Kikao kilikuwa kirefu mpaka isha ikaadhiniwa. Godauni ni wakfu wa msikiti wa mtaa, haliuzwi, lakini kukodisha kunaruhusiwa na kodi ikaenda msikitini, kwa hivyo msidhani waliotaka tukubali walikuwa wanauza dini. Hoja yao ilikuwa moja: pesa iko mezani na mvua haingoji. Wa upande wa pili wakasema tazameni nyumba ngapi Amu zimetengenezwa vizuri kabisa na sasa mwenyeji hajui hata mlango wake unafunguka upande gani.

Mimi nilikuwa upande wa pili na naandika wazi ili msije mkasema shajara hii haina upande. Ngome yetu pale ilikuwa jela mpaka 1984, leo ina ukumbi na maktaba, watoto wanaingia. Jengo likiokolewa halafu watu wake wakabaki nje, limeokolewa kwa nani?

Maalim akakata shauri: tujaribu wenyewe mpaka mwisho wa Desemba. Tukifika nusu tunaendelea, tusipofika tunamwita yule bwana tuzungumze naye kwa heshima. Akapigiwa simu akaambiwa hivyo hivyo, akasema sawa.

Novemba, mwanzo

Mchango wa kwanza umekwenda vibaya. Tulituma ujumbe mrefu mzuri, "tushikamane kuokoa turathi yetu", Amu ni urithi wa dunia tangu 2001, na kadhalika na kadhalika. Watu wakaweka mikono ya dua. Mikono ya dua hainunui chokaa.

Bi mkubwa mmoja ambaye ni mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu, akasema watu hawatoi kwa sababu hawaoni wanachonunua. Turathi ni kitu gani? Inakaa wapi? Mwambie mtu nunua boriti, atanunua. Akachukua kalamu akaandika vile miti ya mikoko inavyopangwa kwa unene na kila mtu Amu anavijua: fito 250, pau 1,000, boriti 5,000, nguzo 20,000. Boriti ya 5,000 si bei ya mti peke yake, ni mti na kuuleta na kuupandisha na chokaa ya juu yake. Ukipiga 120 mara 5,000 unapata zile 600,000 kamili. Wenye fito ishirini wanafanya boriti moja kwa pamoja, na hakuna wa kumcheka mwenye fito manake nyumba ya makuti haisimami bila fito.

Kila boriti itakuwa na namba. Ukilipa unapewa namba yako.

Ujumbe wa pili ulikuwa mistari mitatu. Jioni ile ile simu ya mweka hazina haikupumzika.

Novemba, Ijumaa ya tatu

Habari za vibali. Mji wa kale huwezi kugonga msumari tu ukaenda zako, kuna sheria ya turathi ya 2006 na ofisi inayosimamia uhifadhi inataka kuona michoro, vifaa gani vitatumika, na fundi ni nani. Tumepeleka. Kijana wetu anayesomea ujenzi Mombasa alichora bila malipo, alikuja wikendi na futi akapima kila ukuta, na hakuna kuta mbili zilizo sambamba godauni zima, alikuwa karibu kulia.

Boriti nazo zina kibali chao. Mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya lakini hukati ovyo. Mtakumbuka ile marufuku ya ukataji miti ya 2018 ilivyowaumiza wakataji wa huku, watu walikaa na mashoka yao nyumbani hawakuwa na kazi nyingine. Tumekubaliana na kikundi cha wakataji chenye leseni, wanakata sehemu walizoonyeshwa na wanapanda. Miti iwe minyoofu, unene wa kama sentimita 12, na ikatwe mapema ipate kukauka. Kwa hivyo malipo ya kwanza yanakwenda kwao kabla ya kitu kingine chochote.

Msiulize tena kwa nini pesa imetoka na godauni liko vile vile. Imekwenda mwituni.

Desemba, wiki ya kwanza

Mnada wa halua! Wacha niandike kwa raha.

Ulifanyika pale uwanjani baada ya magharibi. Kulikuwa na viazi karai, mahamri, mabuyu, kina mama wa Langoni wamepika na faida yote ni ya godauni. Wavuvi walileta changu na tewa wa siku hiyo wakauza kwa kilo, nusu wakaacha kwenye ndoo. Lakini kilichofanya watu wasiende nyumbani ni sahani moja ya halua, sahani ya kawaida, na mpiga mnada ni yule mzee wa kuuza kahawa, mnamjua, sauti yake inafika Shela.

Halua ikaanza na 500. Ikafika 3,000, ikanunuliwa na watu wa Mkomani, wakasema tunairudisha mnadani. Ikauzwa tena, watu wa Langoni 4,500, wakairudisha. Hapo ikawa si halua tena, ikawa mashindano ya mtaa na mtaa. Mzee akawa anachochea: "Watu wa yuu kimya, au wamelala?" Mtu akalipa 2,000 ili mpinzani wake aimbe mbele ya watu, mpinzani akalipa 3,000 asiimbe. Punda wawili wakapigana katikati ya yote haya na mtu akatoa 500 kwa ajili ya punda aliyeshinda, sijui kwa nini, tukapokea. Mwisho halua ikaenda kwa mabaharia wa boti za Mokowe kwa 11,000, wakaila pale pale kwa vidole na wakawagawia watoto.

Orodha yote iko ukutani kwenye baraza la godauni, jina au "mja wa Mungu" kwa asiyetaka jina, na kiasi. Mweka hazina anabadilisha karatasi kila Ijumaa baada ya swala. Ukiona kosa mwambie yeye usiandike na kalamu yako, kuna mtu ameandika "hii si kweli" pembeni ya jina la shemeji yake.

Desemba, katikati

Haya, ugomvi wa saruji.

Ndugu yetu mmoja mwenye duka la vifaa ametupa mifuko thelathini ya saruji, kwa moyo safi kabisa, imeletwa na mkokoteni mpaka mlangoni na picha ikapigwa. Fundi akaitazama akasema hataitumia hata mfuko mmoja. Grupu likagawanyika usiku kucha. Mtu anapewa bure halafu anachagua? Mbona ghorofa za Nairobi ni saruji? Fundi anajifanya nani?

Nilikwenda kwake asubuhi anieleze taratibu nipate kuandika. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya unyevu wa ardhini, na unyevu wa hapa una chumvi. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unapanda na kutoka nje kwa hewa, chumvi inabaki juu unaipangusa. Ukipaka saruji umeuziba mdomo. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda ndani ya jiwe na kulipasua, na baada ya misimu michache ile saruji inabanduka bamba zima ikiwa imeshika ngozi ya jiwe. Akanipeleka nyumba moja nyuma ya msikiti, sisemi ya nani, iliyopakwa saruji chini kwa kimo cha kifua. Aligonga na ngumi ikalia tupu. Akavuta kipande kikatoka, nyuma yake jiwe limekuwa mchanga, unalichota.

Nilirekodi video ile nikaituma bila kuandika neno. Ugomvi ukaisha, karibu.

Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Alisema hakujua, akaichukua ile mifuko akaiuza dukani kwake na pesa yake akatununulia chokaa. Jina lake limewekwa kwenye nguzo, na amestahili.

Desemba 31

Tumefunga hesabu saa nne usiku barazani kwa taa ya simu. Shilingi 340,000. Nusu ilikuwa 300,000. Takbir.

Maalim alimpigia yule mfadhili pale pale kumshukuru kwa subira. Jamaa akauliza namba ya M-Pesa, akanunua boriti nne. Hakuongeza neno.

Januari

Boriti zimekuja kwa jahazi, korija sita, zimeshushwa maji yakiwa yamejaa asubuhi mapema. Wazee watatu waliowahi kufanya kazi ya kupakia zamani walikuja kutazama tu, baada ya dakika kumi mmoja ameshavua shati anapanga. Wanazipanga kwa namna yao, shina huku, ncha huku, na wanahesabu kwa kuimba. Vijana walikuwa wanabeba moja moja begani, mzee akabeba mbili. Halafu akakaa siku mbili hatoki nyumbani lakini hilo si la kuandika.

Wenye punda wamesema mawe na chokaa watabeba bure kila Ijumaa alasiri. Hapa gari haliingii mjini, vichochoro vyenyewe punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, kwa hivyo msaada huu ukiupigia hesabu ya pesa ni mkubwa kuliko michango mingi. Tumewaandikia boriti mbili kwa jina la punda wote wa mtaa.

Kisha namba. Fundi amekataa kabisa kuandikwa majina kwenye boriti, anasema si ukuta wa skuli. Tukakubaliana namba ndogo kwa chaki upande wa juu ambao utafunikwa, na daftari litunzwe msikitini. Tangu hapo kazi yangu imekuwa kupiga picha. Mama mmoja yuko Jeddah anataka kuona namba 47. Nikamtumia. Akasema si hiyo, aliiona kwenye picha ya jana ilikuwa na kifundo. Nikaenda kuitafuta, kweli ina kifundo, nikaizungusha nikapiga upya. Akajibu, "Mashallah, sasa nimemuona." Nimemuona, kama mtoto.

Februari

Sakafu ya zamani imeondolewa. Kipande kwa kipande kwa mkono, na kila boriti inayotolewa mbili zimewekwa za kushikilia. Katika zile za zamani fundi amepata zaidi ya thelathini ambazo ni nzima, akizikata vichwa zitafaa kwenye ukumbi mdogo wa nyuma ambao ni mwembamba zaidi. Hazitupwi.

Chokaa ni hadithi yake. Ilichomwa kwenye tanuri tangu Novemba, magogo chini na mawe ya matumbawe ya nchi kavu juu yake, inawaka usiku kucha na moshi wake ukikupata unajua. Ile iliyotoka imelowekwa kwenye shimo na inakaa humo inapoa na kulainika. Fundi anaichota kila wiki anaivuruga kwa vidole viwili, anaipeleka puani, anarudisha kifuniko. Maji yawe ya mvua au ya kisima kitamu, si ya bahari. Kijana mmoja alitaka kuokoa muda akajaza ndoo mbili pale gatini, alifukuzwa na mwiko.

Ramadhani imeingia, kazi ni kuanzia alfajiri mpaka saa nne asubuhi basi. Inakwenda polepole na mimi nimeshaacha kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya mvua. Michango haijapungua, imeongezeka, watu wanatoa sadaka, wengine wanatoa kwa niaba ya marehemu wao na wanataka namba pia. Namba zote 120 zimekwisha tangu wiki ya pili ya Ramadhani. Waliobaki tumewaandikia mawe ya baraza.

Machi, baada ya Idi

Kupigilia sakafu!

Boriti zote ziko juu, mabamba yamepangwa, kifusi na chokaa vimemwagwa, na sasa inapigiliwa kwa vipande, yale magongo mafupi bapa chini, mpaka chokaa ikaze na maji yatoke juu. Ni kazi ya watu wengi kwa pamoja na kwa mdundo mmoja, ukipiga peke yako unafanya mashimo. Tulikuwa tumetangaza tunahitaji watu ishirini. Walipanda wengi mpaka fundi akasimama kwenye ngazi akazuia, anaogopa uzito. Waliobaki chini wakaanza kupiga makofi.

Bi kizee wa nyumba ya pili, aliyepigilia sakafu akiwa msichana, aliomba apandishwe. Wajukuu wake wakasema haiwezekani, akasema basi ndooni mnibebe. Wakambeba. Akasikiliza mdundo kidogo akasema, "Mwaharakisha muno. Polepole kwanda." Akaanza yeye wimbo, wenzake wawili watatu wa rika la mama yangu wakaupokea, na mdundo ukashuka ukakaa. Nimerekodi yote, ila sauti ya upepo imeharibu mwanzo. Mwenye kumbukumbu ya maneno ya ule wimbo aniletee, yaandikwe kwenye daftari la boriti.

Wale wa madrasa walipewa pembe moja ya kupigilia wao wenyewe. Fundi amesema pembe ile ataipitia tena usiku wasipomuona.

Aprili, mwanzo

Mvua ya kwanza ilishuka juzi alfajiri, si kubwa, ila ilinyesha mpaka saa mbili. Tulikuwa chini watu kama kumi tunatazama dari na tochi za simu. Sehemu moja imetoa unyevu, karibu na ngazi, pale ukuta wa zamani unapokutana na sakafu mpya. Fundi amesema ni pa kuongeza chokaa tu na amepaongeza, mvua ya jana pakavu.

Hesabu mpaka leo: zimeingia 631,000, zimetoka 588,500, risiti ziko kwenye faili kwa mweka hazina na picha ya ukurasa wa mwisho iko barazani. Hapo hamna kazi ya punda, mchoro wa yule kijana, samaki wa wavuvi wala iftari ambayo kina mama walikuwa wakiwaletea mafundi kila siku, manake hatukujua tuviandike bei gani.

Zilizobaki 42,500 zinaanza awamu ya pili, mlango mkubwa na vyumba vya juu. Mlango bawaba zake zimekwisha na kizingiti kimeliwa na mchwa, seremala wa Langoni ameshaupima. Mbao ndiyo ghali, tutatangaza bei yake tukiipata, na mweka hazina tayari anafikiria majina ya hisa, anasema safari hii itakuwa msumari, komeo na kizingiti.

La mwisho ni matumizi. Kuna wanaotaka maktaba ya watoto, kuna wanaotaka pawe pa kungojea abiria wa boti kama zamani, manake sasa wanangoja juani pale gatini na mizigo yao, na kuna wanaotaka ghala la wavuvi lenye barafu. Mimi nasema chini abiria, juu watoto, lakini mimi ni mwandishi tu. Kikao ni Ijumaa baada ya alasiri, juu kwenye sakafu yenyewe. Fundi amesema tusizidi arobaini na kila mtu avue viatu chini.